Barua kwa Mwanangu Aliye Salamabila

Lusangi

Mwanangu,

Mama yako hajambo, mpunga tumevuna, nyumba yako bado inangoja bati.

Nimesikia kwamba unavuta bangi kabla ya kupakia abiria wa Kasongo, eti inakupa macho ya usiku. Aliyeniambia si mmbeya. Alikuwa nyuma yako juu ya hiyo pikipiki.

Uliambiwa baba yako alirogwa. Nilinyamaza kwa kuwaogopa wazee, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo. Alianza kuvuta ana miaka 15, tukiwinga ndege shambani. Nami nilivuta, nikatapika, nikaacha, yeye ikamkolea. Alipofika 20 akawa anasikia watu wakimwita kutoka mto Luama kwa jina lake la utotoni. Usiku mmoja akaingia majini na nguo zake, anawaitikia. Wazee wakamfunga kamba, wakauza mbuzi 6 kumlipa mganga. Niliposema apelekwe hospitali, nikaambiwa shule imenitia kiburi. Lakini ile kamba niliifungua mimi.

Siapi kwamba ni bangi peke yake. Muuguzi wetu anasema wapo wanaovuta wasidhurike hivyo, ila ambaye mzazi wake aliugua akili, kwake ni moto karibu na nyasi kavu. Hata Kanada, walioiruhusu mwaka 2018, wataalamu wao wanamwambia mtu wa namna hiyo asiiguse. Wengine hupewa masharti: wasianze wangali watoto, wasivute kila siku, wasibane moshi kifuani, wasiendeshe chombo kabla saa 6 hazijapita. Masharti hayo wapelekee rafiki zako. Yako ni moja tu: acha.

Kama kuacha kunakushinda kwa siku moja, anza na barabara: siku uliyovuta, ufunguo mpe mwenzako. Abiria ni mtoto wa watu. Na ukisikia sauti inakuita usimwone mtu, usifiche. Rudi nyumbani, twende wote kwa muuguzi. Hakuna atakayekufunga kamba nikiwa hai.

Pombe ya lutuku usichanganye na bangi. Deni la pikipiki lipa kidogo kidogo.

Nijibu kwa mkono wako, si kwa simu ya mtu. Baba yako alipoanza kuugua, mwandiko ndio uliotangulia kuharibika. Nataka kuuona wako.

Baba yako mkubwa