Chui wa Kwenye Hadibodi

Sebuleni kwetu Magomeni aliishi chui mmoja. Alichorwa kwenye kipande cha hadibodi, ile ya kufungia dari, na mjomba alimnunua Morogoro Stores, Oysterbay, mwaka 1984. Nyuma yake hapakuwa na mlima wala nyasi, ila rangi ya chungwa bivu tupu. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli, na umeme ukikatika chui aling'aa kwa mwanga wa kibatari.

"Mjomba, mbona ana madoa mengi hivi?"

"Kwetu Tunduru hata kuta za udongo tunazipamba, mjomba. Aliyeanzisha picha hizi ni wa kwetu."

Alimaanisha Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, na kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1972. Alichora kwa miaka michache tu, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wanafunzi wake, wengi wakiwa ndugu na watu wa kwao, waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika.

Nikiwa mtu mzima nilikwenda Morogoro Stores. Hadibodi zilikuwa zimepungua, kitambaa kimechukua nafasi yake. Nilielezwa sababu bila kuzungushwa: mtalii ana begi. Hadibodi huvunjika pembe, lakini kitambaa hukunjwa kama mkeka na kupanda ndege.

Begi hilo likabadilisha hata mandhari. Nyuma ya wanyama sasa palisimama Kilimanjaro na theluji yake, mbele yake Wamasai wamejipanga na mikuki. Mafundi wengi niliozungumza nao walitoka kusini, na Moshi walikuwa hawajafika. Siwalaumu, maana picha hizo zimesomesha watoto. Lakini mlima ule haukunigusa. Kilichonishika ni picha moja ya zahanati: foleni ya akina mama, mganga na mkoba wake mlangoni, kuku chini ya benchi. Aliyeichora aliijua foleni ile. Nilisimama mpaka miguu ikauma.

Hapo ndipo ninapomkumbuka George Lilanga, Mmakonde wa upande wa Masasi. Alianza kwa kuchonga, akaja Dar es Salaam, akawa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa kabla ya kuwa msanii wa hapo hapo. Mashetani ya Kimakonde, yale ya kwenye mpingo yenye masikio makubwa na midomo inayoning'inia, aliyahamishia kwenye rangi, akayaachia yacheze, yapike, yagombane kama watu wa kijijini. Picha zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Alipofariki mwaka 2005 alikuwa amebadili vifaa mara nyingi, na kwao hakukubadili hata siku moja. Kwangu mimi huyo ndiye mkubwa wa wachoraji hawa wote.

Chui wa mjomba ninaye mimi sasa. Pembe moja imeliwa na unyevu, madoa yote yapo.

Nawe ukipita Oysterbay, usichukue picha ya kwanza uliyoiona ukutani. Muulize fundi kwao ni wapi, kisha umwombe akuchoree huko.