Redio Chini ya Mto

Baba alikuwa fundi mitambo wa melini. Alizaliwa Uganda, akaajiriwa na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi kwake hasa palikuwa chumba cha injini cha MV Victoria: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, kisha kuzunguka tena. Enzi hizo mtu wa meli hakuulizwa ni wa nchi gani. Aliulizwa kama ameleta ndizi. Alipopangiwa kazi Mwanza alikodi nyumba Kirumba, akamleta Mama, nasi tukazaliwa hapo.

Ndani tulisema Kiganda. Mama hakukipenda Kiswahili. Kwao ilikuwa lugha ya kambini, ya mtu anayegonga mlango usiku kwa kitako cha bunduki. Rais Idi Amin alipokitangaza mwaka 1973 kuwa lugha ya taifa la Uganda, Mama alizidi kukisusa. Kwa majirani alipitia njia nyingine. Mama mmoja wa Kisukuma alikuwa akimwita kila asubuhi juu ya uzio wa minyaa, "Mwangaluka, mayu!", naye akamjibu kwa Kisukuma alichookota bombani. Walikuwa na kinu kimoja baina yao. Kinu kilikaa kwetu, mchi ukakaa kwake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli ikabaki Tanzania, na Baba akabaki na meli. Mimi nilichoona ni kwamba ndizi za Port Bell zimekwisha.

Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kukalia ardhi yote hadi Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa, mtaa wetu ulijazana kwenye redio moja barazani. Alipofika kwenye uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui, watu walilipuka kwa vifijo. Baba naye alishangilia, tena kwa sauti kuliko wote. Nadhani ndipo walipomgeukia. Mtu mpole wa miaka yote, leo anapiga kelele za nini?

Shuleni nikawa mtoto wa nduli. Balozi wa nyumba kumi alikuja jioni moja, akakaa, akakataa chai. Hakuwahi kukataa chai ya Mama. Aliuliza barua zetu hutoka wapi na Baba hupumzika siku gani. "Mzee wangu, usinifikirie vibaya," alisema, "nimetumwa tu." Michango ya wapiganaji ilipopita, Baba alitoa mbuzi wetu wa pekee. Wakasema anatoa kwa hofu. Kwa kweli alikuwa na hofu, lakini mbuzi alikuwa mbuzi.

Usiku aliiweka redio yake ndogo chini ya mto wa kulalia na kutafuta Radio Uganda, maana mama yake alikuwa bado kule na hapakuwa na njia nyingine ya kujua lolote. Ukuta wa chumba chao ulipakana na uchochoro. Mtu akasikia Kiganda kikitoka ukutani usiku wa manane. Mgambo wawili wakaja, redio ikaenda, Baba akaenda nayo, akalala ndani siku mbili. Aliporudi alivua viatu, akanywa maji, akasema: "Kuanzia leo, Kiswahili."

Mama ndiye aliyeshika amri hiyo kuliko sote. Alituadhibu tukiteleza. Alisali kwa Kiswahili, akihesabu maneno kama mtu anayehesabu chenji. Hata alipojikwaa, alitazama dirisha kwanza ndipo akaguna.

Katika siku hizo mchi ukarudi. Jirani alimtuma mtoto wake aulete, bila salamu, ingawa hatukuuomba. Mama aliusimamisha nyuma ya mlango.

Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, rafiki wa Amin, ikaja kuipiga Mwanza. Ilikusudia matangi ya mafuta, ikakosea, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa porini. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati wenyewe tulisikia mshindo tu, kila mtu akakimbilia kwenye miamba, na huko tukajikuta tumebanana na yule jirani na watoto wake. Alimtazama Mama akihema. "Na nyinyi mnakimbia?" Hakuwa anakejeli, alishangaa kweli. Mama alisogea, akampisha mtoto wake mdogo apate pa kukaa.

Tarehe 11 Aprili Kampala ilipoanguka, mtaa ulicheza ngoma hadi usiku. Kesho yake jirani akaita juu ya uzio, "Mwangaluka, mayu!", akaomba mchi. Mama akampa. Alimjibu kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema Kisukuma. Redio nayo ilirudi, bila betri, na betri wakati ule madukani hazikuwepo.

Kiganda hakikurudi. Hakuna aliyekikataza tena, ila wadogo zangu waliozaliwa baada ya vita walikuta nyumba ya Kiswahili wakaizoea.

Mwaka 1994 nilikwenda Kampala kumwona dada yake Baba. Njia nzima nilikariri maneno niliyobaki nayo: ssenga, webale, jangu. Alinikumbatia mlangoni akasema maneno mengi, nami sikuyapata. Aliponiona nimekwama alicheka, akaniambia anakijua Kiswahili, alifundishwa na wakombozi, wale askari wa Tanzania waliopiga kambi karibu na kwake mwaka 1979. Akavuta kiti, akasimama wima kama yuko gwaride.

"Kaa chini!" alinifokea kwa furaha. "Kunywa chai! Haraka!"