Miezi Sita Juu ya Pikipiki Kubwa

Na: Mwalimu wa Fiqhi, Darasa la Tano



Napenda mwaka huu niandike juu ya jambo ambalo si la kitabuni. Tangu niliponunua pikipiki nimekuwa nikiulizwa maswali mengi. Watoto wadogo huuliza inakimbia kiasi gani. Vijana huuliza kama nitawafundisha kuendesha. Wazazi nao huuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa wasiwasi, mwalimu wa chuo anataka nini na pikipiki kubwa kuliko za bodaboda. Leo nitajaribu kuwajibu wote kwa pamoja, na katika majibu hayo nataraji kila mmoja atapata la kumfaa.

Kwa nini pikipiki, na kwa nini kubwa

Kama mnavyojua, siku za wiki nafundisha hapa Tanga mjini. Jumamosi na Jumapili nafundisha kijijini, katika darasa ambalo mwalimu wake alihama na likabaki bila mtu. Lina watoto 43. Kutoka nyumbani kwangu hadi pale ni kilomita 31. Unapita Pongwe, unafuata barabara ya Muheza, kisha unaacha lami na kuingia barabara ya udongo mwekundu kwa kilomita 9. Kwa daladala nilikuwa nashuka njia panda, na kutoka hapo ama natembea ama nachukua bodaboda. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa ikimaliza karibu posho yote. Nikitembea, nafika watoto wamechoka kungoja na jua limekwisha kuwa kali. Wazee wa kijiji walikwisha kuanza kusema kwamba kama mwalimu hapatikani, darasa lifungwe.

Hapo ndipo nikasikia kwamba kuna Honda XLR 250 inauzwa, iliyokuwa ikitumiwa na mtu aliyefanya kazi ya utafiti katika misitu ya Amani. Ilikuwa ya zamani lakini imetunzwa, na bei yake ilikuwa ndani ya akiba yangu. Sikuichagua kwa ukubwa wake. Boxer ya cc 150 ingenifikisha vilevile, na watu wengi huzitumia katika njia mbaya kuliko ile. Ila hii ndiyo iliyopatikana. Ni pikipiki ndefu kwenda juu, ina tairi za meno makubwa na springi ndefu, na uzito wake unapita kilo 100. Mtu wa kimo changu akikaa juu yake, ni ncha za vidole tu zinazogusa chini.

Kwa faida ya wanafunzi niongeze kwamba chombo hiki kina historia yake. Pikipiki ya mwanzo yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na ilikuwa na magurudumu mawili madogo ya pembeni ili isianguke.

Idhini ya mama

Kabla ya kulipa nilikwenda kwa mama. Baadhi yenu mnajua kwamba mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki katika ajali ya bodaboda. Alikuwa abiria, hakuvaa kofia ngumu, na waliokuwa juu ya pikipiki ile walikuwa watatu. Tangu siku hiyo mama akisikia pikipiki imefunga breki barabarani huacha alichoshika na kutoka nje kutazama.

Hakunikataza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi siogopi chombo. Naogopa simu ya kuniita hospitali." Akaniwekea masharti matatu. Nisiendeshe usiku. Nisitoke hata kwenda dukani bila kofia. Na nikifika nimpigie simu kabla sijazungumza na mtu mwingine. Nikayakubali. Watoto wa kijijini sasa wamezoea kuniona nimesimama chini ya mwembe na simu sikioni kabla ya kuitikia salamu zao.

Wiki za mwanzo

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuomba kufundishwa. Mimi ni mwalimu, nina stashahada yangu, lakini mbele ya pikipiki ile nilikuwa mwanafunzi wa alif. Nikamtafuta fundi mmoja mtu mzima, akanipeleka uwanja wa mpira alfajiri kukiwa hakuna watu. Wiki nzima hakuniruhusu kutoka uwanjani. Aliniambia, "Ustadh, kwanza jifunze kusimama. Kwenda itakwenda yenyewe."

Pikipiki ile huwashwa kwa kupiga kiki. Ukipiga kwa nguvu na hasira haiwaki, na mguu unaumia. Unasukuma kiki taratibu mpaka uhisi imekaza, ndipo unaishusha kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho. Klachi nayo unaiachia kidogo kidogo, kwa kuwa injini ya cc 250 ikipewa nguvu ghafla hukurukia mbele. Na breki, watu wengi hukanyaga ya nyuma tu kwa kuogopa kupinduka, hali sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha iko breki ya mbele. Kwenye lami unazitumia zote mbili, ya mbele ukiiminya polepole. Kwenye tope unaipunguza ya mbele, kwani gurudumu la mbele likiteleza hakuna la kuzuia.

Baada ya uwanja nikashughulikia leseni. Wengi hawajui kwamba leseni za pikipiki zina madaraja. Daraja A1 ni kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 125. Pikipiki yangu inahitaji daraja A. Kwa hiyo kijana aliyezoea pikipiki ndogo asidhani kwamba amekwisha kuruhusiwa kwa zote.

Kanzu, buibui na cheni

Wazazi wengi hawakutaraji kuniona nikifika darasani na suruali nzito na viatu vya kufunga, kisha niingie chumbani nitoke na kanzu. Sababu ni cheni. Gurudumu la nyuma huzungushwa na cheni inayopita katika meno, na nguo ikinaswa pale huvutwa kwa nguvu ya injini yote. Kanzu haitachanika kwa upole. Itamvuta aliyeivaa. Kwa hiyo kanzu yangu husafiri ndani ya mkoba.

Hapa nawaomba hasa mama zetu na dada zetu wanaopanda bodaboda na buibui, khanga au mtandio mrefu. Kabla pikipiki haijaondoka, kusanyeni nguo, muikalie, na mtazame nyuma kama kuna pindo linaloning'inia. Dereva hawezi kuliona. Pia katika pikipiki nyingi bomba la moshi liko upande wa kulia na huwa la moto sana. Pandeni na kushuka upande wa kushoto. Watoto wangapi humu chuoni wana alama ya kuungua kwenye ndama ya mguu wa kulia? Mimi nimehesabu 7 katika darasa langu peke yake.

Masika

Mvua za masika zilipoanza ndipo nilipojua maana ya uzito. Udongo mwekundu ukilowa hujaza meno ya tairi, na tairi huwa kama limepakwa sabuni. Jumamosi moja, kwenye kiteremko kabla ya kijiji, pikipiki ililala taratibu ubavuni. Sikuumia, lakini kuiinua peke yangu ilishindikana. Wakaja vijana watatu waliokuwa wakipeleka machungwa njia panda, tukaiinua kwa pamoja. Mmoja wao akacheka, akasema, "Ustadh, hili si pikipiki, hili ni ng'ombe." Tangu siku hiyo mvua ikiwa kubwa naiacha kwenye nyumba iliyo njia panda na kutembea kilomita 9 kama zamani. Darasa huanza kwa kuchelewa, lakini huanza.

Watoto watatu na mvua

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala hii. Jioni moja darasa lilikwisha na wingu zito limetanda. Mzee mmoja, ambaye wajukuu wake watatu husoma kwangu, alikuja akaniambia niwapakie wote mpaka kwao, mwendo wa kilomita 4, kabla mvua haijawakuta. Mdogo wao ana miaka 6. Kofia nilikuwa nayo moja ya ziada, ya mtu mzima.

Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini hili siliwezi." Hakufurahi. Mjukuu wake mkubwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Ustadh, mbona bodaboda wanapakia wanne? Na ya kwako ni kubwa kuliko zao."

Lilikuwa swali zuri, nami nikamjibu kama swali la darasani. Pikipiki kuwa na injini kubwa maana yake ina nguvu ya kwenda. Siti yake ni ya mtu mmoja na abiria mmoja, na sheria nayo inaruhusu abiria mmoja tu. Nikachora mstari mchangani. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hupita kama mita 11 kila sekunde. Ukiona mbuzi ameingia njiani, sekunde 1 inapita kabla mkono haujafika kwenye breki, kwa hiyo mita 11 zimekwenda. Kisha kusimama kwenye lami kavu na breki nzuri huchukua kama mita 9 nyingine. Jumla 20. Ukiongeza mwendo mara mbili, kufikia 80, mita za sekunde ile huwa 22, na za kusimama huwa 36, yaani mara nne. Jumla 58. Hesabu hiyo ni ya lami kavu. Kwenye udongo uliolowa, na watu wanne juu ya pikipiki, hakuna breki itakayokupa mita hizo.

Mzee alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi waloe." Akawachukua wakaondoka. Nikaiacha pikipiki chini ya mwembe, nikawafuata na kumbeba yule mdogo mgongoni. Tulilowa sote. Njiani mzee hakunisemesha neno.

Jumamosi iliyofuata watoto wale hawakuja, wala iliyofuatia. Katika kijiji ambacho darasa lilikuwa karibu kufungwa, watoto watatu si wachache. Nilikwenda kwa mzee mara mbili kumsalimia, na mara zote mbili alinikaribisha kahawa bila kutaja jambo lile. Mpaka naandika haya wamerudi wawili. Yule mdogo bado. Namsubiri, na nafasi yake mkekani ipo.

Nimelifikiria sana jambo lile, na kila nikilirudia naona jibu ni lile lile. Mapenzi kwa mtoto hayapimwi kwa kumwepusha na mvua tu. Mtoto aliyelowa hukaushwa kwa khanga na kupewa uji wa moto.

Nasaha zangu

Kwa vijana: Msione haya kuvaa kofia ngumu. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali walitoa matokeo yao mwaka 2008, na wakaona kwamba kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe imefungwa kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani au kuvaliwa bila kufungwa haimlindi mtu.

Kwa wazazi: Mnapompa mwanafunzi nauli ya bodaboda, mpeni na haki ya kukataa. Mwambieni kwamba akiona dereva amepakia wawili tayari, asipande, na akichelewa kwa sababu hiyo hatagombezwa. Mtoto mwingi hupanda kwa kuogopa fimbo ya kuchelewa.

Kwa wote: Tusiache dua ya kupanda chombo, ile iliyomo katika Sura Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14. Nimeifundisha miaka mingi, lakini sikuielewa vizuri mpaka nilipoanza kuisoma nikiwa nimekaa juu ya kilo mia na zaidi za chuma. Ndani yake mtu anakiri kwamba chombo hiki kimetiishwa kwake, na kwamba kwa uwezo wake mwenyewe asingekimudu. Anayesema maneno hayo kwa kuyafahamu hawezi tena kuvuta mafuta kwa kujionyesha mbele ya wenzake.

Namwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu njiani wakija na wakirudi, awarehemu waliotutangulia katika ajali, na awape subira wazazi wanaongoja milangoni kila jioni. Amin.

Wabillahi tawfiiq.