Mgeni Aliyefungiwa Selini

Jailhouse, yaani jela, ndilo jina la programu ya kugawa kompyuta moja kwa mifumo endeshi kadhaa, iliyotangazwa na Jan Kiszka wa kampuni ya Siemens mwaka 2013. Istiari ni kali: mgeni hapokewi sebuleni, hutiwa selini. Linux hutangulia kuwaka. Kisha jela hutwaa mamlaka na kugawa vichakataji na kumbukumbu kwa mujibu wa waraka wa usanidi. Mgeni akigusa anwani isiyoandikwa humo, kichakataji chake husimamishwa na anwani hiyo kutajwa. Huo ni msiba mwepesi. Kinachotatiza ni kimya. Fundi huweza kuunda upya mfumo usio na hatia, kumbe mgeni amekwisha kuamka na anasema, ila hakugawiwa mlango wa kutolea maandishi.