Wasukuma na hema ufukweni Lamadi

Najua nimepotea, msinipige mawe, nilikuwa nyumbani kwetu Bariadi na nimerudi chuo juzi tu.

Nilipowaambia wenzangu wa chumba hapa Mlimani kwamba Desemba familia nzima tulienda kulala kwenye hema ufukweni, mmoja wao, mtoto wa Tanga, alicheka mpaka akakaa chini. "Bariadi kuna ufukwe? Si pamba na vumbi tu huko?" Kwa faida yake: mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 ulipewa na wilaya ya Busega, iliyokatwa kutoka Magu, na Busega inagusa Ziwa Victoria. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni kama kilomita 72, lami tupu. Ukifika Lamadi, upande mmoja una geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, upande mwingine una ziwa. Wazungu kupiga kambi maeneo yale ni kawaida. Wasukuma wenye hema ndio kioja.

Wazo lilikuwa la mzee. Amestaafu ualimu, kanunua hema la mtumba mnadani, la watu wanne. Sisi tuko sita, hesabu mtafanya wenyewe. Bi mkubwa hakutaka hata kusikia. Yeye kakulia mwaloni huko huko Busega, utotoni alikuwa akilala na bibi yake kwenye kibanda cha nyasi, wakilinda dagaa walioanikwa. Mvua ikija usiku mnaamka wote kufunika, maana dagaa wakilowa wanaoza na msimu mzima umeisha hivyo. Akamwambia mzee: "Baba watoto, sisi tulilala pale kwa ajili ya shida, leo wewe unataka kulipia?"

Tukaenda. Noah ya kukodi, ugali wa mtama, michembe ya kutafuna njiani, jiko la mkaa, na dogo wa miaka tisa aliyekuwa anaimba kuogelea tangu tunapita Dutwa.

Mzee alishachagua mahali kabla hata hajashuka garini: karibu kabisa na maji, nyasi fupi za kijani kama uwanja wa mpira. Bi mkubwa akaziangalia zile nyasi, akauliza, "Nani amezikata?" Tukaangaliana. Mlinzi akacheka, akamwamkia, "Wangaluka, mayu," halafu akasema mama yenu anajua. Zile nyasi hukatwa na boko. Mchana anakaa majini, usiku anatoka kula, na hataki kumkuta mtu kati yake na ziwa. Hema likapanda juu, nyuma ya nyumba ya mlinzi. Mzee alinuna kidogo, eti hatutaona maji vizuri.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kuogelea. Bi mkubwa alisema hakuna mtu kuingia ziwani, kwisha. Dogo akalia. Mdogo wangu wa kike wa kidato cha nne akasema basi tungebaki Bariadi tukajimwagia ndoo. Hata mimi niliona anazidisha.

Jioni, tukiwa tunasubiri sato aive, ndipo akatuambia habari za kaka yake. Mjomba huyu tulikuwa tunajua tu kwamba "alirogwa". Alikuwa mvuvi, kutwa yumo majini. Tumbo likaanza kuvimba, mwili ukakonda, wakamzungusha kwa waganga mpaka ng'ombe wakaisha. Siku moja akatapika damu, nyingi, na hakuiona asubuhi. Miaka mingi baadaye, bi mkubwa akiwa anasubiri zamu zahanati na mmoja wetu mgongoni, akasikia nesi anawaeleza watu kichocho cha tumbo, kile kinachoharibu ini. Alisema alikaa pale kwenye benchi akihesabu dalili moja moja. Zote zilikuwa za kaka yake.

Mzee alikuwa anaijua hiyo hadithi. Sisi ndiyo mara ya kwanza. Hakuna aliyesema kitu, hata dogo. Nje ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga kama mji. Mwezi haukuwepo, na giza ndilo wanalolitaka, dagaa wafuate taa.

Usiku radi zikaanza mbali juu ya maji, halafu mvua. Hema la mtumba likavuja upande wa mzee (haki ipo). Mvua ilipopungua tukawasikia boko, wanakoroma chini kule kama injini ya trekta inayokataa kuwaka. Asubuhi tukashuka na mlinzi: nyayo kubwa, zimejaa maji, zinapita pale pale mzee alipotaka tulale. Mzee akazipiga picha, akasema bi mkubwa ndiye mkuu wa msafara kuanzia leo.

Mchana mpira wa dogo ukadondokea majini kwenye matete, naye akaufuata kabla mtu hajamshika. Nikaingia kumtoa, maji ya magoti. Dakika mbili labda. Lakini vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani kama yale, hasa jua likiwa kali, na vinapenya ngozi nzima bila kidonda. Bi mkubwa alitusugua miguu na taulo kavu mpaka ikawaka, hakugomba.

Rafiki yangu anayesoma udaktari Muhimbili anasema tusikimbilie dawa sasa hivi. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponea, kwa hiyo tungoje kama wiki sita hadi nane. Dogo atapelekwa zahanati na bi mkubwa, tarehe ameiandika kwenye kalenda ya ukutani. Yangu inaangukia katikati ya testi, si mnajua bahati yangu.

Jana kanipigia kunikumbusha. Mzee akadaka simu, anauliza kama Kariakoo naweza kumtafutia hema la watu sita, lisilovuja.