Mikwaruzo ndani ya bunduki «mpya» haisemi nani alipiga

Swali hili nimeulizwa mara nyingi tangu mwezi wa pili mwaka 2025: bunduki inayoitwa mpya, ukifunguliwa ndani ukakuta imekwaruzika, je, imeshapiga masasi? Mtu wa mbali atashangaa kwa nini raia, tena mama wa watoto, anauliza jambo la wanajeshi. Hapa Bukavu limekuwa jambo letu sote.

Kumbukeni siku zile. Ijumaa tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa, jeshi likaondoka, na kufikia Jumapili tarehe 16 M23 walikuwa wameshika mji. Jumamosi ile ya katikati mji haukuwa na mwenyewe. Maghala ya chakula yaliporwa. Wafungwa walikuwa wametoka gereza kuu. Vijana waliingia kambi ya Saio wakatoka na bunduki na masasi yaliyoachwa, na tuliona watoto barabarani wakibeba silaha ambazo karibu zilingane nao kwa urefu. Zamani mtu aliyetaka kurudisha silaha aliweza kuipeleka kwa MONUSCO, lakini wao walikuwa wamemaliza kazi Kivu Kusini tangu Juni 2024. Basi bunduki zilibaki kwa watu: nyuma ya choo, ndani ya migomba, chini ya kitanda cha bibi.

Katika nyumba moja ya Kadutu, ambayo sitaitaja avenie yake, kijana wa miaka 16 aliokota AKA iliyotupwa juu ya ua, ndani ya gunia, bado ina grisi. Mama yake alifanya kama alivyosikia ikitangazwa: alitoa habari. Wakaja wanaume watatu. Mmoja akaondoa kifuniko cha juu, akatazama, akasema: «Hii ilikuwa mpya. Ona ndani imekwaruzika. Huyu mtoto ameipiga.» Jirani mmoja alikuwa ameuawa Jumamosi ile kwa sasi lisilojulikana limetoka wapi. Hamhitaji niwaeleze neno kama lile linaweza kumfikisha kijana wapi, katika mji ambao wakati ule haukuwa na mahakama inayofanya kazi.

Mama alinipigia simu kwa sababu ananijua naandika. Mimi si mtu wa silaha. Nilikwenda kwa Papa mmoja wa Bagira aliyekuwa fundi wa bunduki jeshini tangu enzi za Zaire, mzee ambaye sasa anatengeneza pampu za baiskeli na jiko la makaa. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

«Mwanangu,» akaniambia, «ile ni chuma na chuma. Ukifungua mlango mupya mara mia, bawaba haikwaruziki?»

Alinieleza hivi. Ndani ya AKA kuna kipande kikubwa cha chuma kinachokwenda nyuma na mbele juu ya reli mbili, moja kila upande. Rangi nyeusi ya kiwandani juu ya reli hizo ni nyembamba. Inaanza kutoka mara za kwanza tu mtu anapokokota bunduki kwa mkono, hata bila sasi ndani. Hata chini ya kile chuma, pale kinapoilaza nyundo, utaona mstari unaong'aa. Zaidi ya hapo, viwanda hupiga kila bunduki masasi machache kuijaribu kabla haijafungwa kwenye sanduku. Kwa hiyo bunduki ambayo haijawahi kuguswa na mwanajeshi yeyote inaweza kuwa na mistari ndani, na hata weusi kidogo wa moshi.

Nikamuuliza basi ipi si ya kawaida. Hapo alichukua muda mrefu, nami nilipenda kumsikiliza. Mkwaruzo wa kawaida ni laini: ukipitisha ukucha haukwami. Uko pande zote mbili karibu sawa. Uko pale tu ambapo vyuma vinagusana. Ukiona upande mmoja umeliwa sana na mwingine bado mweusi, kuna kitu kimepinda. Ukiona chuma kimevimba pembeni, kimemeguka, kina ufa, au misumari iliyobana mwili wa bunduki inacheza, hiyo ni bunduki mbovu, iwe mpya iwe ya zamani. Lakini hata ubovu huo unaeleza bunduki tu. Hauelezi mtu.

Na mtutu? Watu wengi hapa wanachungulia mtutu, wakiona unang'aa wanasema haijapiga. Papa alicheka. Mitutu mingi ya AKA imepakwa kromi ndani. Inaweza kupiga maelfu ya masasi na bado ikang'aa ikisafishwa. Alama ya kupiga utaitafuta zaidi kwenye kichwa cha ule mti wa chuma unaosukumwa na moshi, na ndani ya bomba lake. Huko masizi yanaganda, na askari mvivu hayatoi. Hata hayo yanasema imepiga. Hayasemi ni jana au ni mwaka 1998.

Kitu kimoja tu alikubali kinaweza kukaribia kusema siku: kutu. Februari ni mvua kwetu. Chuma kilichotoka rangi, kisichokuwa na mafuta, kinageuka rangi ya kahawa kwa siku chache. Mstari unaong'aa bila kutu, bila mafuta, umesuguliwa karibuni. Lakini bunduki ya kijana ilikuwa na grisi, na wale wanaume wenyewe walikuwa wameikokota mara nne mbele ya mama kabla ya kuifungua. Mikwaruzo waliyoonyesha, nusu yake pengine ni yao.

Hata neno lenyewe «mpya» lina matata. Bunduki iliyotoka kwenye grisi leo inaweza kuwa imetengenezwa kabla baba yako hajaoa, ikalala ghalani. Nyingine ni kuukuu iliyopakwa rangi upya; utaijua kwa kuwa namba ya mwili na namba ya vipande vya ndani hazifanani. Ndiyo sababu wanaofuatilia silaha kwa kazi hawaanzii kwenye mikwaruzo. Mwaka 2004, mwaka ule ule Nkunda na Mutebutsi walipoingia Bukavu, Umoja wa Mataifa uliunda kikundi cha wataalamu cha kufuatilia vikwazo vya silaha Kongo, na nchi za eneo hili, yetu ikiwamo, zikasaini Itifaki ya Nairobi inayodai kila bunduki iwe na alama. Watu hao wanaandika namba, wanapiga picha ya chapa ya kiwanda: 66 ndani ya pembetatu kwa ile ya China, mshale ndani ya pembetatu kwa ya Izhevsk kule Urusi. Kisha wanauliza nchi iliyoitengeneza ilimuuzia nani. Ni kazi ya miezi, na majibu mara nyingi hayaji. Wale wa Kadutu waliimaliza kwa dakika tano.

Nilirudi na maneno ya Papa. Sijui ni hayo au ni machozi ya mama, lakini kijana hakuchukuliwa siku ile, na sasa yuko kwa shangazi yake, mbali na mji. Bunduki waliondoka nayo. Mama, ambaye alisoma hadi darasa la sita, alikuwa amenakili namba yake kwenye daftari la hesabu la mtoto, kabla hawajafika. Ningependa wengi wafanye hivyo kwa macho, bila kuishika.

Papa aliniomba niandike jambo moja kwa wenye watoto, hasa ninyi mliolala mashuleni na makanisani. Kutoa kile kisanduku cha masasi hakuifanyi bunduki kuwa tupu. Sasi moja linaweza kubaki ndani, mwanzoni mwa mtutu, halionekani kutoka nje, na linatoka kama mengine. Kadutu, anasema, amezika wawili kwa ajili hiyo.