London Ilipobaki na Milango Miwili

Kabla ya Machi 2020, kila hospitali ya umma iliyofanya upasuaji wa moyo London ilijitegemea. Zilikuwa saba, kila moja na madaktari bingwa wake na orodha yake ya wagonjwa. Sisi wauguzi wa chumba cha upasuaji tuliijua orodha ya kesho tangu alasiri.

Korona ilipoingia, vyumba vya upasuaji vilikuwepo na ujuzi ulikuwepo. Tulichokosa ni vitanda vya mahututi. Mgonjwa akishatolewa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, hulazwa huko akiwa bado anasaidiwa kupumua, na muuguzi wake hambanduki. Vitanda hivyo, mashine za kupumulia na wauguzi hao hao ndio waliohitajika kwa wagonjwa wa korona. Tarehe 17 Machi agizo likatoka: upasuaji usio wa haraka uahirishwe England nzima. Wengi wetu tukahamishiwa kwa mahututi.

Lakini aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ikichanika haingoji. Ndipo jiji likakubaliana jambo ambalo sikudhani ningeliona: upasuaji wa dharura wa moyo ukusanywe katika hospitali za St Bartholomew's na Harefield tu, na simu zote zipokewe na daktari bingwa mmoja wa zamu. Madaktari waliozoea kila mtu na wagonjwa wake wakawa wanaamua pamoja nani atangulie katika London nzima. Mgonjwa alichukuliwa sampuli ya pua na koo, na akapigwa picha ya CT ya kifua. Tahadhari hiyo haikuzidi kiasi. Mei hiyo jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,128 waliopasuliwa, upasuaji wa kila aina, wakiwa na korona katika nchi 24: karibu robo yao walifariki ndani ya siku 30.

Walioniumiza zaidi ni wale ambao hawakuja. Kufikia mwisho wa Machi, waliolazwa kwa shambulio la moyo England walikuwa wamepungua kwa takribani asilimia 40. Mioyo haikuwa imepona. Watu walikaa na maumivu yao nyumbani. Jirani yangu, mama wa Mombasa, alinipigia usiku: "Mwanangu, kifua chanibana tangu juzi, lakini huko kwenu siendi. Ndiko watu wanakofia." Nilimbembeleza, nikamkemea, mwisho nikamwitia gari la wagonjwa mwenyewe. Mshipa wake mmoja ulikuwa umeziba. Walimzibua usiku ule ule.

Wimbi la kwanza lilipotulia, hospitali zilianza tena upasuaji, kila moja kwake. Nilifurahi kurudi kwenye kazi yangu, lakini ule utaratibu wa simu moja ningependa ungedumu. Kwa miezi ile michache, aliyezidiwa zaidi ndiye aliyetangulia mezani, hata angekuwa anaishi upande gani wa mto Thames.